Raundi ya Nane ya Verlon Maddry

Timu ya besiboli ya chuo chetu hapa Pruitt Ferry ina mashabiki wa aina mbili. Wapo wa Ijumaa mpaka Jumapili, wanaokuja na viti vya kukunja, watoto waliopakwa rangi usoni, na bia walizozizika chini ya barafu kana kwamba mlinzi hajui. Halafu tupo sisi wa Jumanne. Sisi wa Jumanne tunaenea kwenye basi moja la shule, na viti vya nyuma vikabaki vya kulalia.

Tofauti ni kwamba mechi za wikendi ni za ligi. Zinatiwa gazetini, zinahesabika kwenye msimamo, wazazi wanasafiri kutoka mbali kuja kuzitazama. Mechi ya Jumanne ni kiporo. Kocha hawezi kumchosha mrushaji wake hodari siku ya Jumanne, kwa hiyo anawatoa wale wengine: wanaopona majeraha, wanaojifunza, wanaorusha mpira kama wanamtupia mbwa mfupa. Mvua ikinyesha Jumamosi, watu wanafagia maji uwanjani mpaka mgongo unawauma, na ikishindikana wanacheza mechi mbili Jumapili. Mvua ikinyesha Jumanne wanaifuta mechi, na hakuna anayeuliza itachezwa lini. Jibu ni kwamba haitachezwa. Nimeshaona mechi ya Jumanne ikifutwa kwa sababu ya wingu.

Verlon Maddry ni wa Jumanne. Nikisema hivyo simaanishi kwamba anakuja Jumanne. Namaanisha Jumanne ni mali yake, kama vile Jumapili ilivyo ya mchungaji. Ana miaka sitini na minane, fundi mstaafu wa pampu za mashamba ya mpunga, mikono mikubwa isiyotakata hata afanyeje. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa amekosa Jumanne mbili tu za nyumbani: moja alipomzika dada yake Nadine, nyingine alipotolewa nyongo hospitalini, na hiyo ya pili aliwalaumu madaktari kwa upangaji mbaya wa ratiba.

Anakaa safu ya tatu, nyuma kabisa ya mdakaji, mahali ambapo mrushaji wa wageni akiinua macho lazima akutane na uso wake. Mapajani ana daftari la kuandikia mechi, kila mpira, kila auti, kwa penseli. Penseli ni lazima, kwa sababu Jumanne warushaji wanabadilishwa kama nepi. Shingoni ananing'iniza filimbi ya bata, ile ya mti wanayopuliza wawindaji kuwadanganya bata washuke mpungani. Timu yetu inaitwa Bata, na hapa kwetu nusu ya watu uwanjani wana filimbi hiyo. Mrushaji wa wageni akitupa mpira mbaya wa nne, mpigaji wetu anapewa kituo cha kwanza cha bure, na Verlon anapuliza. Mlio wake ni kama mzee anayecheka akiwa na makohozi.

Na ana mdomo, Mungu amsamehe.

"We kijana! Mama yako anajua uko huku? Mpigie mwambie umekuja kugawa vituo bure!"

"Unarusha kama mtu anayefukuza kuku kwa kandambili!"

"Mwacheni jamani, hajui! Alidhani amekuja kwenye mahojiano ya kazi ya kubeba sinia!"

Nimeona kwa macho yangu mrushaji wa watu akimwendea kocha wake kuomba atolewe. Refa Lyle Poteet, ambaye alichezesha Jumanne zetu nyingi, alisema mara moja kwamba uwanja mzima ukikaa kimya angeweza kusikia pumzi ya mdakaji, lakini hajawahi kujua, kwa sababu Verlon yupo.

Mimi nilianza kukaa naye muhula nilioacha chuo. Nilibakiza masomo sita nipate stashahada, na masomo hayo bado yananisubiri bila haraka. Verlon akanibatiza Profesa. Nyuma yetu alikaa Mama Odessa Treadway, aliyewapikia watoto wa shule kwa miaka thelathini, na mfuko wake wa karanga za kuchemsha. Mama Odessa haji kwa ajili ya besiboli. Anakuja kumsikiliza Verlon akitukana, na yeye mwenyewe haachwi nyuma.

"Verlon," alikuwa akisema, huku akitema ganda, "huyo mpwa wako ndiye mchezaji anayeokoa sabuni kuliko wote Arkansas. Jezi yake haijawahi kuona udongo."

Verlon alicheka kila mara. Kisha kwa dakika kama tatu hakumtukana mtu yeyote.

Mpwa mwenyewe ni Kelby Ashcraft, mtoto wa Nadine. Nadine alipofariki Kelby alikuwa na miaka tisa. Verlon, ambaye mkewe alishahamia Memphis na kusahau kurudi, alimchukua akamweka chumba cha nyuma. Hakujua kumlea mtoto, lakini alijua kufunga vitu. Akafunga gurudumu la trekta kwenye ukuta wa banda, akamwambia mtoto: pitisha mpira katikati. Basi wakawa hivyo kila jioni, mmoja akirusha, mwingine akirudisha mipira, miaka tisa, mpaka ukuta wa banda ukabonyea pembeni mwa gurudumu, mahali palipopokea mipira iliyokosea.

Chuo kilimchukua Kelby bila ahadi ya kumchezesha. Mwaka wa kwanza akakaa benchi. Mwaka wa pili mshipa wa kiwiko ukakatika mazoezini, akapasuliwa. Mwaka wa tatu ulikwisha akijifunza upya kushika kikombe, kisha mpira. Mwaka wa nne akapona kabisa, na wakati huo walikuwa wamekuja warushaji wapya watano wenye vifua kama milango. Miaka minne hakuwahi kusimama siku ya mechi kwenye kale kakilima ka udongo katikati ya uwanja anaposimama mrushaji. Hata dakika moja. Daftari za Verlon zipo saba kwenye rafu ya jikoni, juu ya jiko, zimejaa majina ya watoto wa watu, na jina la Kelby halimo.

Sasa, Kocha Bratcher ana desturi moja nzuri, na ni vyema niiseme kwa sababu za kwake nzuri hazijazi kiganja. Jumanne ya mwisho ya msimu kila mrushaji aliyebaki na mkono anapewa raundi moja; mwaka wa kwanza wa Kelby ilifutwa kwa mvua, na miaka miwili iliyofuata hakuwa na mkono. Mechi ni raundi tisa, warushaji tisa. Orodha inabandikwa ukutani penye benchi, na ikishabandikwa haibadilishwi.

Verlon alinikuta duka la chambo Jumamosi ya kabla.

"Profesa, Jumanne usichelewe."

"Nimewahi kuchelewa? Sina pengine pa kwenda, Mzee."

"Kelby anarusha."

Nilikuwa nimeshika kopo la minyoo. Nikaliweka chini.

"Acha mzaha."

"Kocha alimpangia raundi ya kwanza," akasema, akisogea karibu kana kwamba minyoo itasikia. "Nikamfuata ofisini. Nikamwambia, Kocha, raundi ya kwanza ni ya nzi. Saa nane mchana nani yupo? Mimi, Profesa na Odessa. Watu wako kiwandani. Mpe ya nane. Ikifika ya nane ni saa kumi na moja, watu wametoka kazini, wamjue. Miaka minne wananiuliza dukani, 'Vipi Kelby, bado anacheza?' Waje wamuone."

"Akakubali?"

"Akasema, Verlon, kwako ni sawa."

Nilimpongeza. Nilimpa na mkono. Naandika haya nikijua kwamba mimi pia sikuona tatizo lolote, na mimi ndiye Profesa.

Jumanne ikafika, ya pili ya mwezi wa tano, joto la kunata. Ndege ndogo ya kunyunyizia dawa ilikuwa inapita juu ya mpunga nyuma ya ukuta wa mbali, ikiinama na kuinuka. Wageni walikuwa Cane Bluff, chuo kidogo kilichokuja kwa basi mwendo wa saa sita. Verlon alifika kabla ya geti kufunguliwa, amenyoa, amevaa shati la kanisani. Alifungua daftari. Akatoa kalamu, kalamu ya wino, na kwenye mstari wa warushaji wetu, nafasi ya nane, akaandika Ashcraft. Herufi moja moja. Kisha akarudisha kalamu mfukoni, akachukua penseli kwa ajili ya wengine.

"Umekosea kifaa, Mzee," nikamwambia.

"Sijakosea."

Inabidi mjue timu yetu ilikuwa ya namna gani mwaka ule. Ilikuwa imeshinda mechi kumi na mbili na kupoteza thelathini na nane. Wapigaji wetu walikuwa wakiuona mpira kama mtu anavyomwona jamaa anayemkopa, wanageuza uso. Siku ile, sijui nani aliwachanja. Raundi ya pili wakapata pointi tatu. Ya tatu wakaongeza mbili. Kijana mmoja ambaye tangu mwezi wa pili hakuwa amegusa mpira ila kwa mkono, aliupiga ukavuka ukuta ukaangukia mpungani, na akasimama akiutazama kwa sababu hakujua inayofuata ni kukimbia.

Verlon alikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuiona. Alipuliza filimbi mpaka mate yakatoka upande wa pili. Raundi ya sita wageni walimleta mrushaji mpya, kijana mwembamba anaitwa Brisbin, mwaka wa kwanza, shingo nyekundu, kofia kubwa kuliko kichwa. Verlon alimpokea vizuri.

"Brisbin! Hiyo kofia ni ya baba yako au umeikuta kwenye basi?"

"Brisbin, usitetemeke mwanangu, mpira hauna meno!"

"Hebu mpeni sweta, hamuoni anavyotetemeka?" Mama Odessa akadakia.

Brisbin akatazama juu mara moja, akakutana na ule uso, akatoa kituo cha bure. Filimbi ikalia. Raundi ikaisha sisi tukiwa na tisa, wao moja.

Na watu walikuwa wanakuja, kama Verlon alivyopiga hesabu. Waliotoka kiwanda cha kuku wakiwa bado na vile vikofia vya nyavu. Mafundi wa karakana ya pampu, wanne, waliofanya naye kazi. Mwalimu wa hisabati wa Kelby, na mkongojo wake. Kule pembeni mwa uwanja, kwenye kizuizi cha waya ambako warushaji wanapasha mikono, tunakoita zizi, Kelby alikuwa ameanza kunyoosha bega. Verlon alinyanyua kidole akamwonyesha mwalimu: "Yule. Namba hamsini na mbili."

Hapo ndipo kipaza sauti kikakoroma. Mtangazaji wetu ni mwanafunzi anayesoma matangazo kama anasoma dawa ya minyoo.

"Mashabiki, tunawakumbusha kwamba kwa makubaliano ya makocha wote wawili, mechi ya leo inafuata sheria ya huruma."

Mkono wa Verlon ulikuwa ndani ya mfuko wa karanga. Ukabaki humo.

"Amesema nini?"

"Sheria ya huruma," nikasema. Na nilipolitamka ndipo na mimi nikalisikia.

Sheria yenyewe ni fupi. Timu moja ikiwa mbele kwa pointi kumi baada ya raundi saba, au wenyeji wakiifikia kumi hiyo wakiwa bado wanapiga ya saba, mechi inakufa palepale, watu wanaenda nyumbani. Ni kumhurumia anayechapwa. Jumanne haitumiki mpaka makocha wakubaliane, na Bratcher hakuwahi kukubali hata Jumanne moja, kwa sababu anataka raundi zote tisa kwa ajili ya wanagenzi wake. Tumechapwa kumi na saba bila na tukalazimishwa kukaa mpaka mwisho. Lakini Cane Bluff walikuwa na safari ya saa sita na mitihani kesho yake asubuhi, kocha wao akaomba, na Bratcher akasema sawa. Kwa nini asiseme sawa? Kwenye miaka yake yote timu hii haikuwahi kumtangulia mtu yeyote kwa pointi kumi. Ukimwomba mtu asiye na gari akuahidi hatakugonga, atakuahidi.

"Tisa kwa moja," Verlon akasema polepole. "Tofauti ni nane."

"Nane, Mzee."

"Wakipata mbili..."

"Wasipate," nikasema.

Raundi ya saba wageni walipiga kwanza, hawakupata kitu. Hata hapo Verlon aliwaombea, nilimsikia. Kisha wakaingia Bata kupiga. Auti tatu, yaani wapigaji watatu watolewe na zamu yao iishe, ndicho alichotaka. Auti tatu kabla ya pointi mbili, mechi inavuka, raundi ya nane inafunguliwa, na Kelby anatoka zizini. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa amewaomba Bata wapige, kwa kubembeleza, kwa kutukana, kwa kuwatishia kumpeleka bibi yake acheze badala yao. Sasa alikaa amekunja ngumi magotini akiomba wakose.

Mpigaji wa kwanza alipiga mpira juu, ukadakwa. Auti. Verlon akapiga makofi.

Mama Odessa akamwinamia. "Verlon, umepigwa na jua? Huyo ni wetu."

"Wakipata pointi mbili mechi inaisha, Odessa. Kelby ni raundi ya nane."

Mama Odessa akajinyoosha. Alifunga mfuko wa karanga.

Brisbin alirusha mpira mbaya. Akarusha mwingine. Alifuta kiganja kwenye suruali, akakifuta tena, tuliona kutoka safu ya tatu. Verlon akavua filimbi shingoni akaitia mfukoni. Kisha akasimama, akaweka mikono mdomoni, na kwa sauti ileile iliyowatoa jasho warushaji wa majimbo matano, akasema:

"Taratibu, mwanangu! Vuta pumzi! Una mkono mzuri wewe!"

Uwanja mzima ukaangua kicheko.

Nani angemlaumu? Walikuwa wamesikia tusi la kila aina kutoka kwa mtu yule, na hili waliona ndilo tusi lenye akili kuliko yote. Fundi mmoja wa karakana alijipiga paja. "Mzee leo kaja na mpya!"

Brisbin akatazama juu. Masikio yalikuwa yamekuwa kama nyanya.

"Nasema kweli!" Verlon akapaza. "Brisbin! Sikutanii! Naapa, unarusha vizuri!"

Wakacheka zaidi. Brisbin akatupa mpira wa nne mbaya, karibu umpite mdakaji. Verlon hakupuliza, kwa hiyo wengine wote wakampulizia, filimbi kama thelathini kwa mpigo, heshima kwa mzee wao.

"Nyamazeni!" Verlon akageuka. "Mnamsumbua mtoto wa watu!"

Kuna mtu alicheka mpaka akadondosha soda.

Mpigaji aliyefuata naye akapewa kituo cha bure. Watu wawili vituoni, auti moja. Nilimwambia, Mzee, kaa kimya, ukisema unamharibu. Akanitazama kama mtu aliyeambiwa aache kupumua. Akakaa. Lakini sasa ukimya wake ukawa mbaya kuliko maneno. Brisbin alikuwa anatazama safu ya tatu kabla ya kila mpira, akingoja.

Aliyeingia kupiga alikuwa Dax Pilgreen, mdakaji wetu, anayelala chumba kimoja cha bweni na Kelby. Pilgreen ana jicho zuri kuliko wote kwenye timu. Mpira wa kwanza ulidunda chini hatua mbili mbele yake. Akauzungushia gongo. Wa pili ukapita nyuma ya mgongo wake, naye akauzungushia gongo. Wa tatu ulikuwa unaelekea maegesho ya magari. Akauzungushia gongo. Ukikosa mara tatu umetoka: auti ya pili.

"Pilgreen!" Kocha Bratcher alitupa kofia chini. "Umepofuka?"

"Jua, Kocha," Pilgreen akasema. Jua lilikuwa nyuma yake. Alipokuwa anarudi benchi alitazama zizini.

Auti mbili. Ilibaki moja. Kelby alikuwa ameacha kupasha. Alisimama kwenye kigeti cha zizi, glavu mkononi, na niliona amekwisha kuinua komeo.

Aliyefuata akapewa kituo cha bure. Vituo vyote vitatu vimejaa, na hapo mtu wa nne akipewa cha bure, mmoja lazima asukumwe mpaka nyumbani, pointi. Kocha wa Cane Bluff alitakiwa ainuke ambadilishe yule kijana. Hakuinuka. Alikuwa ameshafunga mkoba wake, ameuweka mapajani, anatazama saa.

Mpira mbaya. Mpira mbaya. Mzuri. Mbaya. Mbaya. Kumi kwa moja.

Verlon hakuwa anaandika tena. Watu wote walikuwa wamesimama wakipiga kelele, wale watu aliowataka, waliotoka kazini kwa ajili yake, na walikuwa wanashangilia kwa moyo mmoja kitu kilichokuwa kinamuua.

Akaingia Tolliver, mtoto wa mwaka wa kwanza, mnene, mpole, asiyejua habari za mtu. Brisbin akavuta pumzi. Akatazama safu ya tatu. Verlon alikuwa ameshuka mpaka mbele, ameshika wavu wa kukinga mipira kwa vidole vyote kumi, midomo inatikisika, hatoi sauti. Sijui Brisbin aliona nini. Alirusha, na mpira ukamgonga Tolliver ubavuni, puu, kama mtu aliyedondosha gunia.

Anayegongwa anapewa kituo. Kumi na moja kwa moja.

"Lyle!" Verlon alipiga kelele mpaka sauti ikapasuka. "Lyle! Hakukwepa! Alijiegemeza!"

Refa Poteet akavua kinyago. "Verlon, hiyo ni timu yako."

"Najua ni timu yangu! Sheria inasema akwepe! Mrudishe apige!"

"Miaka yote hii unanitukana niwape, leo nimewapa unanitukana niwanyang'anye?"

"Mrudishe, Lyle. Nakuomba. Nakuomba, ndugu yangu."

Nadhani Poteet alisikia kitu kwenye sauti ile, kwa sababu alisimama kidogo. Lakini wachezaji walikuwa wameshamvamia Tolliver, wamemmwagia ndoo nzima ya maji ya barafu, na yeye anacheka huku ameshika ubavu. "Imekwisha, Verlon," akasema. "Nenda nyumbani ukafurahi."

Nilimtazama Kelby. Alikuwa bado amesimama pale kigetini. Akashusha komeo mahali pake, kwa mkono wa kushoto, polepole, lisilie. Kisha akatembea kwenda kujiunga na wenzake, na alipofika akampiga Tolliver kofi la mgongoni kama wote.

Watu walipita wakimgonga Verlon bega. Hongera, Mzee! Umemmaliza yule mtoto! "Una mkono mzuri wewe!" wakamwigiza. Mwanamke mmoja wa kiwanda cha kuku akauliza, "Kelby je? Nilisikia raundi ya nane."

"Ilikuwa ya nane," Verlon akasema.

"Ndiyo hii?"

"Hapana. Hii ilikuwa ya saba."

Mwalimu wa hisabati alielewa. Aliinua mkongojo wake kidogo, kama salamu ya msibani, akaondoka. Mama Odessa aliacha mfuko wa karanga kwenye ubao, upande wa Verlon, hakuaga.

Verlon alikuwa ananirudisha na pikapu yake. Kelby alitufuata maegesho na begi begani, jezi safi kama ilivyotoka dukani.

"Tumeshinda, Mjomba."

"Tumeshinda."

"Kumi na moja kwa moja. Sijui kama una ukurasa wa namna hiyo kwenye daftari."

Verlon alifungua mlango wa gari, akaufunga, akaufungua. "Kelby. Kocha alikuwa amekupangia ya kwanza. Mimi ndiye niliye..."

"Najua."

"Unajua?"

"Jumatatu aliniita akaniuliza nataka ipi. Nikamwambia amwachie Mjomba, yeye ndiye anayezijua Jumanne."

Alisema hivyo bila ubaya wowote. Nilitamani angesema kwa ubaya. Angemtukana, angetupa begi, Verlon angejua pa kujishika. Badala yake alisogea akanyoosha mkono wa kulia, kiwiko kile chenye kovu, kama mtoto anayeonyesha mahali alipoumia.

"Gusa," akasema.

Verlon akagusa.

"Wa moto," akasema.

"Eeh. Ulikuwa tayari."

Wakakaa hivyo, mkono wa fundi pampu kwenye kiwiko, na mimi nikaangalia mpunga. Ile ndege ilikuwa imeshamaliza kazi yake imeondoka. Kisha Pilgreen akamwita Kelby, wanaenda kula kambare na timu, na Kelby akasema sawa Mjomba, tutaonana nyumbani, akaenda.

Jumamosi akavaa joho, akapewa cheti chake kizima. Jumapili akaenda Missouri, kwenye kampuni inayopima barabara. Anampigia mjomba wake kila Alhamisi. Wanaongea kuhusu barabara.

Sikumwona Verlon uwanjani mpaka mwezi wa pili uliofuata, Jumanne ya kwanza ya msimu mpya, baridi ya kupasua midomo. Tulikuwa watu kumi na wawili. Alikuja raundi ya pili imeshaanza, yeye ambaye alizoea kufika kabla ya wenye funguo. Shingoni hakuwa na filimbi. Tulikuwa nyuma tano bila. Mrushaji wa wageni akatoa kituo cha bure, na uwanja ukawa kimya kabisa. Ilikuwa kweli aliyoyasema Poteet. Nilisikia pumzi ya mdakaji.

"Mpigie kelele kidogo, Verlon," Mama Odessa akasema nyuma yetu, taratibu. "Tunaganda."

"Sina pumzi, Odessa."

Alifungua daftari. Lilifunguka lenyewe kwenye ukurasa ule wa mwaka jana, kana kwamba limezoeshwa. Penseli ya mechi nzima ilikuwa imeanza kufifia, majina ya wale warushaji saba yamebaki kivuli. Ashcraft lilikuwa palepale kwa wino, na mbele yake vijisanduku vitupu. Aliramba kidole akalisugua. Karatasi ikaanza kutoka nyuzi.

"Profesa. Wino unatokaje?"

"Hautoki, Mzee."

Akaitikia kwa kichwa. Akafunua ukurasa mweupe, akatoa penseli nyuma ya sikio.

"Nani anarusha upande wetu?"

Nikatazama. Ilikuwa sura mpya, sikumjua.

"Mtu tu," nikasema.

Akaandika namba yake.